Utani si Mzaha

Wako wanaosema kwamba kijana wa Afrika ya Mashariki aendaye Uingereza kusoma anthropolojia, yaani elimu ya wanadamu na mila zao, hana budi kuiacha lugha yake bandarini. Husema Kiingereza ndicho chombo cha elimu hiyo, na mwenye kufikiri kwa lugha nyingine hujichelewesha bure. Maneno haya nayakanusha. Siyakanushi kwa chuki. Shahada yangu niliipata kwa Kiingereza, na faida yake naijua. Nayakanusha kwa sababu nilipokuwa mwanafunzi ugenini niliyaamini, na hasara yake naijua pia.

Mwaka wangu wa kwanza niliandika insha juu ya ujamaa wa damu kwetu. Mjomba na ami niliwaita kwa neno moja, maana Kiingereza hakikunipa la pili. Shangazi na mama mdogo nao wakawa mtu mmoja. Mwalimu aliisifu insha. Lakini kwetu ami ni baba, na mjomba si baba. Haki ya mmoja juu ya mtoto siyo haki ya mwenziwe. Insha ilikuwa fasaha, na ilikuwa ya uwongo.

Tuutazame na utani. A. R. Radcliffe-Brown, katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1940, aliandika juu ya desturi za namna hii kwa jina lenye maana ya uhusiano wa mzaha, na jina hilo lingali likifundishwa. Hapana shaka wataalamu wameandika pia habari za wajibu wa watani msibani. Lakini jina ndilo mlango wa elimu. Aingiaye kwa mlango wa mzaha hutafuta kicheko, na mtani anayeshughulika na maziko humwona kuwa kioja, hali maziko ni kiini cha jambo lenyewe.

Watajibu kwamba Kiswahili hakina maneno ya kuichukua fani hii. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo hakuambiwa hivyo. Kitabu chake, Desturi za Wasuaheli, kilichotolewa na Carl Velten kule Göttingen mwaka 1903, kinaeleza kuzaliwa, ndoa, uganga na mauti kwa Kiswahili safi. Tafsiri ya Kiingereza ilitoka mwaka 1981. Ni lugha gani basi iliyochelewa?

Na Bronislaw Malinowski, je, alikuwa Mwingereza? Alizaliwa Kraków mwaka 1884, akafika London School of Economics mwaka 1910 akiwa mgeni kama sisi. Shajara yake ya utafiti aliiandika, kwa sehemu kubwa, kwa Kipolandi. Maneno ya watu wa visiwa vya Trobriand aliyachapisha kwa lugha yao, pamoja na tafsiri, katika kitabu cha mwaka 1935. Huyu ndiye aliyemfundisha Jomo Kenyatta, akamwandikia utangulizi wa Facing Mount Kenya mwaka 1938. Ikiwa mwalimu hakuona haya, wanafunzi tunaona haya ya nini?

Nilipohitimu, bibi mmoja aliyenieleza mambo ya msiba kwa siku nyingi alinitaka nimsomee niliyoyaandika. Nilifungua kitabu nikakosa pa kuanzia. Maneno yake niliyatia katika Kiingereza siku ile ile niliyoyasikia, wala sikuweka daftari la Kiswahili la kurejea. Bibi huyo amekwisha kufariki, na maneno yake hayapatikani tena.

Kwa hiyo nawaambia wanafunzi wetu: someni Kiingereza hata mkimiliki. Lakini daftari la utafiti liandikwe kwa lugha ya msemaji, na Kiingereza kije mwisho. Na vyuo vyetu visipokee tasnifu juu ya wasemao Kiswahili isiyokuwa na nakala, au walau muhtasari kamili, wa Kiswahili. Aliyetupa habari zake ana haki ya kuzisoma, na kutukosoa.