Picha za Mitaani ni Mali ya Umma

Ipo kasumba iliyobaki vichwani mwa baadhi yetu, hasa sisi tuliobahatika kupata elimu ya juu, kwamba picha yenye thamani ni ile ya mkubwa akikata utepe. Picha ya mama muuza vitumbua, ya mchukuzi akisukuma mkokoteni Kariakoo, au ya wazee wakicheza bao chini ya mwembe, huhesabiwa kuwa mchezo wa mtu asiye na kazi. Mtu akionekana barabarani na kamera shingoni, swali la kwanza aulizwalo ni: "Nani kakutuma?" Fikra hii hapana budi ipigwe vita, kwa sababu inawafuta wananchi katika historia yao wenyewe.

Wako watakaosema kuwa picha za mitaani ni sanaa ya Ulaya, haituhusu. La hasha! Mnamo mwaka 1930 hivi, Mhungaria mmoja aitwaye Martin Munkácsi, aliyekuwa akiyafanyia kazi magazeti ya picha ya Ujerumani, alipiga picha ya watoto watatu wa Kiafrika wakikimbilia mawimbi, miili yao ikionekana kama vivuli vyeusi mbele ya povu jeupe. Picha hiyo ilimfikia kijana wa Kifaransa, Henri Cartier-Bresson, aliyekuwa amesomea uchoraji. Hata uzeeni alikiri kwamba ni picha hiyo iliyomsukuma ashike kamera na kutoka nje. Akanunua Leica, kamera ndogo ya Kijerumani iliyoanza kuuzwa mwaka 1925, ambayo ilitumia mkanda wa milimita 35 uleule wa sinema. Kamera za kazi za kabla yake nyingi zilikuwa masanduku makubwa, na mpigwaji alitakiwa asimame kama mlingoti. Leica iliingia katika mfuko wa koti. Mpiga picha akaweza kutembea na watu, kungoja, na kuunasa mkono wa mtu ukiwa bado hewani.

Leo Cartier-Bresson anatajwa kila mahali miongoni mwa mababa wa upigaji picha za mitaani. Na wale watoto watatu je? Majina yao hayatajwi. Vitabu vingi viliandika kwamba wako Ziwa Tanganyika; vingine vinasema Liberia, ng'ambo ya pili ya bara, maelfu ya kilomita kutoka Kigoma. Kwa mabepari wachapaji vitabu, yaelekea maji ya Afrika ni maji ya Afrika tu.

Lakini mkuki huo ulirudi kwa wenyewe, tena ukiwa umenolewa. Mwaka 1954 Cartier-Bresson alikwenda Moscow akapiga picha za wafanyakazi wa mji ule katika maisha yao ya kila siku, na mwaka uliofuata zikatoka kitabuni. Kitabu hicho kilimfikia kijana mweusi wa Afrika Kusini, Ernest Cole, aliyezaliwa mwaka 1940. Cole akaona kwamba yale yaliyofanyika Moscow yawezekana Pretoria. Aliwafanya makaburu wenyewe wamwandikishe kuwa chotara, ili aweze kutembea bila kubeba pasi. Katika migodi aliingiza kamera ndani ya mfuko wa karatasi, akaifunika kwa chakula chake cha mchana. Alipiga picha za watu wakikamatwa kwa ajili ya pasi na za mabenchi yaliyoandikwa kuwa ni ya Wazungu peke yao. Kitabu chake, House of Bondage, kilitoka Marekani mwaka 1967, na makaburu wakakipiga marufuku mara moja. Wale waliowahi kuuliza picha ya benchi ina faida gani wangewauliza makaburu: wao waliijua vizuri.

Cole alifia uhamishoni New York mwezi Februari 1990, siku chache baada ya Nelson Mandela kutoka gerezani. Negativu zake zipatazo 60,000 zilikuja kuonekana mwaka 2017, katika benki huko Stockholm! Kazi ya Mwafrika juu ya mateso ya Waafrika, imefungiwa katika kasha la benki ya Ulaya. Hapa ndipo ninapotaka tujitazame.

Negativu za wapiga picha wetu wa mitaani ziko wapi? Nawazungumzia wale wenye studio za chumba kimoja na wale waliozunguka viwanjani siku za Idi na Krismasi. Zana zao zilistahili heshima. Kamera ya lenzi mbili, kama Yashica, ilimlazimu mwenyewe ainamishe kichwa achungulie kwa juu, kana kwamba anamwamkia anayepigwa. Mkanda wake ulitoa picha 12 tu, hivyo hakuna aliyebonyeza ovyo. Zenit E ya Kisovieti, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1965, ilikuwa nzito kama tofali, lakini kipima mwanga chake hakikuhitaji betri: mwanga wenyewe ndio uliokipa nguvu. Mtu angeweza kufanya nayo kazi mahali ambapo duka la betri ni safari ya siku nzima.

Siku hizi kila kijana ana kamera katika simu yake, na hilo ni jambo jema. Ila simu ikiibwa au ikianguka chooni, miaka mitatu ya mtaa mzima inakwenda nayo. Na wazee wa filamu wanafariki, warithi wanachoma maboksi wapate nafasi. Joto na unyevu wa pwani havina huruma. Ukifungua kopo la filamu ukasikia harufu ya siki, jua imeanza kuoza.

Makumbusho ya Taifa na Idara ya Nyaraka zipokee maboksi haya, na maktaba za mikoa ziwe vituo vya kuyakusanya. Kila picha iandikwe jina la aliyepigwa, mahali na tarehe. Mkoloni alituuza katika kadi za posta kwa maneno "mchukuzi" na "mwanamke wa Kiswahili", nasi tusirudie dharau hiyo. Kwa sababu hiyohiyo, kijana mwenye simu na ajifunze kusalimu kabla ya kupiga, na mtu akikataa, amwache.

Tuanze na Kariakoo. Soko alilolisanifu Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975, liliungua Julai 2021. Jengo lina michoro na picha za sherehe. Wachuuzi, wapagazi na wateja wa miaka ile 46 wamo katika makabati ya wapiga picha wa Gerezani, Ilala na Magomeni, na baadhi ya wazee hao wangali hai kutuambia nani ni nani.