Gati bora pekee halitoshi Aktiki

Kufutiliwa mbali kwa safari za tishari kuelekea Paulatuk, Kugluktuk na Cambridge Bay mwaka wa 2018 kulidhihirisha jinsi vijiji vya pwani ya Aktiki nchini Canada vinavyotegemea majuma machache ya kiangazi.

Vijiji hivyo havina barabara ya kudumu ya kuviunganisha na maeneo mengine ya nchi. Mafuta, magari na vifaa vya ujenzi hufika kwa tishari barafu inapoyeyuka. Mwaka huo barafu ilifunga njia, na baadhi ya shehena ikalazimika kusafirishwa kwa ndege, njia iliyo ghali mno.

Mpango wa kulinda bahari, uliotangazwa na serikali ya Canada mwaka wa 2016 kwa gharama ya dola bilioni 1.5 za nchi hiyo, ulijumuisha uboreshaji wa vituo vya kupakulia shehena kaskazini. Hatua hiyo inafaa. Penye nguzo imara za kufungia kamba na taa za kutosha, tishari hupakua upesi na kuondoka kabla bahari haijachafuka.

Hata hivyo, nguzo haziondoi barafu. Chombo kikichelewa kung'oa nanga, hata gati bora litabaki tupu. Ukarabati huo hauna budi kuandamana na safari za mapema na maghala ya akiba. Wahenga walinena, usipoziba ufa utajenga ukuta.