Bushi ni kelele, bolijointi ni kaburi!

Wiki hii sina habari za mapenzi wala za harusi. Leo tunaingia uvunguni mwa gari. Wewe dada unayetaka kugeuza ukurasa, ngoja kwanza. Si wewe ndiye unayependa kukaa kiti cha mbele? Basi haya yanakuhusu kuliko mtu mwengine yeyote.

Ukikaa kwetu Makunduchi huna haja ya kuchungulia dirishani kujua gari ya nani inapita. Unatega sikio tu. Ile inayolia ng'ii kama kitanda cha bibi ni ya maalim. Ile ya kwa-kwa-kwa ni ya muuza samaki. Na ile inayogonga du! kila ikiingia shimoni ni ya ami yangu, Corolla iliyotoka Japani ikiwa mtumba na sasa imekuwa mtumba wa mtumba. "Kila gari ina sauti yake," ami husema, utadhani anamsifu muimbaji wa taarab.

Hapo ndipo mimi na ami tunapogombana. Gari haina sauti bwana. Gari ina maradhi, na hiyo sauti ni dalili.

Gurudumu la mbele la hizi gari zetu ndogo limeshikwa na mkono wa chuma ulio chini, ambao mafundi wengi huuita wishiboni. Upande wa bodi, mkono huo umekaa kwenye bushi. Bushi si kitu kikubwa: bomba dogo la chuma ndani, jengine nje, na katikati mpira mzito ulioshikana nayo. Kazi yake ni kumeza mshindo, kama lile gegedu la gotini. Upande wa gurudumu ndipo ilipo bolijointi: kichwa cha chuma cha mviringo kinachozunguka ndani ya kikombe, kimefunikwa na mfuko wa mpira wenye grisi. Hiyo ndiyo nyonga ya gari. Inaliachia gurudumu lipande, lishuke na ligeuke, yote kwa wakati mmoja.

Sasa tofauti yao ni hii. Mpira wa bushi ukichanika, gari inagonga, inavuta upande mmoja ukifunga breki, na tairi inalika vibaya. Utaudhika, utapoteza pesa, lakini mara nyingi utafika. Bolijointi ikiisha kabisa, kichwa kinachomoka kikombeni. Gurudumu linalala ubavu, pua ya gari inakaa chini, na usukani ulioushika mkononi unakuwa pambo tu. Ikikutokea unatoka uani kwako, mtacheka. Ikikutokea uko mwendo wa kilomita 80 kwa saa na lori linakuja mbele, hakuna wa kucheka.

Wazee watasema mbona zamani hatukuyasikia haya. Zamani zile gari za mbao zilikuwa na kingi pini, na kila baada ya muda mtu alishika pampu akazipiga grisi. Bolijointi nyingi za leo zimezibwa kutoka kiwandani, hata pa kutilia grisi hapana. Mfuko wake ukichanika tu, grisi inatoka na mchanga unaingia. Na sisi watu wa pwani, mchanga na chumvi hatununui.

Njia yenyewe nayo ina yake. Kutoka mjini hadi Makunduchi ni zaidi ya kilomita 60 za lami. Pale Jozani pana matuta, yamewekwa ili tusiwagonge kima punju. Ni matuta ya heri, lakini wako madereva wanaoyaruka kama wanafukuzwa na deni. Ukishafika huku, unaacha lami unaingia njia za mawe za mitaani, na kila jiwe ni nyundo. Halafu kuna yale mazoea ya kupulizia oili chafu uvunguni ili chumvi isile bodi. Chuma kinashukuru, lakini mpira unaangamia, maana oili huuvimbisha na kuulainisha. Ukipulizia, zifunike bushi.

Nirudi kwa ami. Gari yake si ya biashara, lakini ndiyo gari ya mtaa. Mama akishikwa na uchungu usiku wa manane, mlango unaogongwa ni wa ami. Mwaka mmoja, Mwaka Kogwa ikikaribia, alichoshwa na ile du! akaipeleka kwa fundi mmoja mjini. Fundi akachonga raba ya tairi kuukuu, akaishindilia penye bushi, akala pesa yake. Kelele kimya! Ami akarudi anatabasamu kama bwana harusi.

Wiki ya tatu usukani ukaanza kutangatanga. Nikamwita kijana wetu mmoja wa hapa hapa, gereji yake ni kivuli cha mwembe. Akapiga jeki, akaweka gogo chini ya bodi, akaishika tairi juu na chini akaitikisa. Ikajibu: kdo, kdo. Akaingiza mtaimbo kati ya mkono na gurudumu, akanyanyua kidogo. Wallahi tuliiona bolijointi ikipanda na kushuka kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Mfuko umechanika, ndani kutu tupu.

"Ami," kijana akasema, "huyo wa mjini kamnyamazisha mpiga kelele. Muuaji kamwacha."

"Haiwezi kungoja mpaka Mwaka Kogwa ipite?"

"Gari inaweza kungoja. Utakaowapakia ndio sijui."

Ami hakujibu. Siku nne nyuma, gari hiyo hiyo ilimpeleka spitali mtoto wa jirani na mamake, saa nane za usiku, tena mbio.

Pesa aliyokuwa nayo ilikuwa ya mbuzi wa wageni. Na unajua kwetu, siku ya Mwaka Kogwa kukosa mgeni ni aibu, sembuse mgeni kukosa kitoweo. Ami akaingia ndani, akatoka na bahasha. Mwaka ule wageni walikula pweza. Sikumsikia aliyelalamika, na mbuzi naye alifurahi.

Sasa wewe mwenye gari ya umri mkubwa, yashike haya. Kwanza, ukibadilisha upande mmoja badilisha na wa pili, maana wamezaliwa pamoja na wamechoka pamoja. Pili, bolijointi ya mtumba usinunue hata ukipewa kwa bei ya karanga, hujui imetembea wapi. Kwenye gari nyengine haitoki peke yake, unanunua mkono mzima. Tatu, bushi huingizwa kwa mashine ya kukandamiza, si kwa nyundo na matusi.

Nne, na hili mafundi wengi hulipuuza: nati za bushi zikazwe mwisho gari ikiwa imekanyaga chini kwa magurudumu yake. Zikikazwa gari ikining'inia kwenye jeki, mpira unakamatwa ukiwa vibaya. Ukishusha gari unajinyonga siku nzima, hauchukui muda unachanika, na wewe unaanza kulaani duka la spea. Tano, nati ya bolijointi kama ina kotapini, itiwe mpya. Sita, ukimaliza kapime alaimenti, la sivyo tairi mpya zitaliwa kama muhogo. Na uvunguni usiingie kwa kutegemea jeki peke yake.

Huna pesa ya vyote? Anza na bolijointi. Bushi ikupigie kelele mwezi mmoja zaidi, masikio hayafi. Kila Julai magari yanamiminika huku kuja kutazama watu wakichapana kwa mabua ya migomba. Karibuni sana, lakini kabla hujawapakia watoto, tikisa tairi kwanza. Ni kazi ya dakika kumi.

Mimi kwaherini, nakwenda kunawa grisi. Tukutane wiki ijayo Inshallah, huenda tukarudi kwenye mapenzi.