Gesi Yetu, Mbolea ya Ng'ambo

Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, na ya Mnazi Bay mwaka 1982. Ya Songo Songo inapelekwa Dar es Salaam kwa bomba tangu 2004, na ya Mnazi Bay tangu 2015, zaidi kwa umeme. Kilwa Masoko nayo imesikia ahadi ya kiwanda cha urea tangu miaka ya 1980.

Haidrojeni ya gesi hiyohiyo, ikiunganishwa na naitrojeni ya hewani, huzaa amonia, na amonia huzaa urea, ambayo mkulima wetu huinunua kutoka ng'ambo! Sisi wazazi tuwasomeshe kemia vijana wetu, wa kike kwa wa kiume, wasije wakaishia kulinda lango la kiwanda. Mwekezaji tutampokea; ila bei ya gesi isifichwe mkatabani, na fidia ya mashamba itangulie tingatinga.