Riwaya ya Upelelezi Darasani: Mwalimu Asitoboe Siri

Wako walimu wanaoamini kwamba riwaya ya upelelezi haistahili kuingia darasani. Husema kuwa ni kitabu cha kupitishia wakati wa likizo, na kwamba msomaji akishamjua muuaji hubaki mikono mitupu. Sisi twaona kinyume. Riwaya ya aina hii, ikifundishwa kwa utaratibu unaofaa, humzoeza mwanafunzi kutokata shauri pasipo ushahidi wa maandishi yaliyo mbele yake. Mazoea hayo ni haba kwa mwanafunzi aliyelelewa katika kungoja jibu la mwalimu, na huyo ndiye kesho atakayesimama mbele ya watoto wetu.

Tuchukue mfano wa riwaya ya sikukuu ya Agatha Christie, Hercule Poirot's Christmas, iliyotolewa mwaka 1938. Mzee Simeon Lee, aliyechuma utajiri wake katika almasi za Afrika Kusini, awaita wanawe kula Krismasi katika jumba lake huko Uingereza. Nia yake si upatanisho, bali kuwachokoza na kuwagombanisha. Jioni ya tarehe 24 Desemba chasikika kishindo cha samani zinazoanguka, kisha ukelele wa kutisha. Mlango umefungwa, wavunjwa, na mzee akutwa amelala katika damu yake. Poirot, aliye mgeni wa mkuu wa polisi wa jimbo, aombwa kusaidia.

Kitabu hiki kimegawanywa katika sehemu saba, na kila sehemu ina tarehe yake, tangu 22 hadi 28 Desemba. Kwa hiyo mwalimu amekwisha pewa mgawanyo wa masomo yake. Kila kipindi kikiisha, vitabu na vifungwe, na kila mwanafunzi aandike daftarini mambo matatu: lililoonekana au kusikika, nani aliyelisema, na lipi laweza kuthibitishwa kutokana nalo. Kabla ya Poirot kufichua siri, kila mmoja aandike anamshuku nani na kwa sababu zipi, akitaja kurasa. Alama zitolewe kwa ushahidi, wala si kwa kupatia jina. Aliyekosea jina kwa hoja nzuri amesoma vema kuliko aliyebahatisha.

Ukelele wenyewe ni somo kamili. Watu wa nyumba ile wote waliusikia, lakini kila mmoja aueleza kwa namna yake. Mmoja asikia uchungu wa mtu anayekata roho. Mwingine asema ulifanana na wa nguruwe anayechinjwa. Mwanafunzi aulizwe: ni nani aelezaye sauti, na ni nani aelezaye moyo wake mwenyewe? Hali kadhalika, kipande kidogo cha mpira na kijiti vyaokotwa sakafuni, na msomaji aelezwa waziwazi. Mwaka 1929 Ronald Knox, padre na mwandishi wa hadithi hizi, aliweka kanuni kumi za uandishi wake, mojawapo ikiwa kwamba msomaji asifichwe dalili anazoziona mpelelezi. Basi mwanafunzi hana udhuru wa kudai kwamba hakuambiwa.

Zipo pingamizi mbili za kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba Krismasi ya Waingereza ni ngeni kwa wanafunzi wetu. Desturi zake kweli ni ngeni na zapaswa kuelezwa, lakini kiini chake si kigeni. Sikukuu huwakalisha meza moja ndugu wasiopatana, wakalazimika kuonyeshana furaha wasiyokuwa nayo. Nani kati yetu hajaliona jambo hilo siku ya Krismasi au Idi? Ya pili ni kwamba kitabu chahusu matajiri na mirathi yao. Hapo mwalimu asikwepe. Na aulize ni mikono ya nani iliyozichimba almasi zile, swali ambalo riwaya hailishughulikii. Kumsoma mwandishi kwa makini ni pamoja na kuona anayoyapita kimya.

Wala si lazima kuanza na kitabu cha Kiingereza. Tunaye Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyeanza kazi yake katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu cha mwaka 1960. Pale ambapo wengine wahofu mizimu, yeye hutafuta mkono wa binadamu. Utaratibu tulioueleza wafaa hapo vilevile.

Hatari kubwa ni mwalimu mwenyewe. Akishindwa kuzuia ulimi wake na kumtaja muuaji siku ya pili, darasa zima litaacha kupima na kuanza kunakili. Mwanafunzi aliyekwisha kukisoma kitabu naye aombwe kunyamaza, apewe kazi ya kutafuta mahali mwandishi alipoificha siri kwa maneno ya kweli. Kazi hiyo ni ngumu kuliko ya wenzake, na itamfaa.

Twawasihi walimu wenzetu wa vyuo wajaribu utaratibu huu kwa muhula mmoja, kisha walete humu waliyoyaona, yaliyofaulu na yaliyoshindikana.