Jalada la Ofisi si Mali ya Mtumishi

Mtumishi wa umma anapohamishwa hukabidhi funguo, samani, mhuri na kila kifaa alichopewa. Hati ya makabidhiano hutiwa saini na pande mbili, na hata kiti alichokalia huandikwa kwa namba yake. Lakini katika ofisi nyingi za leo kipo kitu kimoja, kikubwa kuliko hivyo vyote, ambacho hakikabidhiwi. Kitu hicho ni kazi yenyewe. Barua alizoandika, orodha alizotayarisha, mihtasari ya vikao na taarifa za robo mwaka hubaki ndani ya kompyuta, chini ya jina lake na chini ya nywila anayoijua yeye peke yake. Anayempokea hukuta meza, kiti na mashine, kisha huanza upya kana kwamba ofisi imefunguliwa jana.

Hasara ya desturi hiyo haionekani upesi makao makuu. Huonekana mbali, kwa wale wasio na njia ya kurudi kesho. Endulen ni kata ya wafugaji ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, na makao makuu ya halmashauri yake yapo Loliondo, safari ndefu ya kuvuka nyanda zilizo kaskazini ya Oldupai. Na ichukuliwe kwamba mwalimu wa Endulen amefunga safari hiyo kufuatilia barua ya kupandishwa daraja. Akifika na kuambiwa kwamba orodha ilikuwa kwenye kompyuta ya afisa aliyehamia mkoa mwingine, mwalimu huyo hakunyimwa haki yake na sheria wala na ukosefu wa fedha. Amenyimwa na kabrasha lililowekwa mahali pasipostahili.

Jambo hilo lina uzito zaidi katika wilaya ambayo watu wake wanahama. Tangu mwaka 2022 kaya nyingi za Ngorongoro zimehamia Msomera, wilayani Handeni. Yamesemwa mengi juu ya uhamaji huo, lakini lipo moja lisilo na ubishi. Mtoto aliyehama anahitaji kumbukumbu zake za shule zimfuate, na mtoto aliyebaki Endulen anahitaji jina lake lisipotee katika orodha kwa sababu tu karani aliyeitunza amebadilishiwa kituo.

Wazee waliotumika katika masijala za zamani hawangeelewa aibu hii. Katika masijala kila jalada lilikuwa na namba, na kila karatasi ndani yake ilikuwa na namba yake. Jalada halikuitwa kwa jina la bwana fulani. Liliitwa kwa jina la shughuli: ujenzi wa shule, chanjo ya mifugo, likizo za watumishi. Afisa alilitumia, akaandika maoni yake, akalirudisha, na karani wa masijala aliweza kueleza wakati wowote jalada lipo mezani kwa nani. Maafisa walikuja na kuondoka, jalada likabaki. Utaratibu huo haukuwa urasimu mtupu, bali ulikuwa ulinzi wa mali ya umma.

Kompyuta ilipoingia ofisini, wengi waliichukua kama saa ya mkononi, yaani chombo cha mtu binafsi. Ni kweli kwamba mashine nayo ilichangia. Kila mtumishi anapofungua kompyuta kwa jina lake, mashine humtengenezea chumba chake, kinachoitwa wasifu wa mtumiaji. Humo huwekwa mapendeleo yake, mpangilio wa kioo, picha zake, na, asipoelekezwa vinginevyo, kila andiko analohifadhi. Chumba hicho kwa kawaida kimo ndani ya diski ya mashine ile ile, wala si katika seva ya ofisi. Diski ikiharibika, chumba kimekwenda. Fundi akitafuta nafasi na kufuta wasifu wa mtu aliyeondoka, mafaili yaliyomo hufutwa pamoja nao. Hata yule mwenye mazoea ya kutandaza kila kitu kwenye uso wa kioo, akidhani ameweka mahali pa wazi, ameweka ndani ya chumba chake mwenyewe.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni kutenganisha mambo mawili ambayo mashine imeyachanganya. Wasifu ni wa mtu. Faili ni la ofisi. Mapendeleo ya mtumishi yabaki katika chumba chake, lakini kazi ya umma iwekwe katika makabrasha ya pamoja ndani ya seva, yaliyopangwa kwa shughuli na kwa mwaka kama yalivyopangwa majalada ya masijala. Ruhusa ya kuyafungua itolewe kwa cheo wala si kwa jina. Afisa Elimu afungue makabrasha ya elimu kwa kuwa ni Afisa Elimu. Siku anapohama, fundi amwondoe katika kundi hilo na kumwingiza mrithi wake, na kazi iendelee asubuhi ile ile.

Wapo mafundi wanaodhani dawa ni kuufanya wasifu wote wa mtumishi umfuate katika kila mashine anayokalia. Njia hiyo ina faida yake, lakini ina gharama yake pia, kwa maana chumba kizima huweza kusafirishwa kwenye waya anapoingia. Hesabu yake ni nyepesi. Wasifu wenye gigabaiti 5, nyingi zikiwa ni picha za harusi na video, ni sawa na megabiti 40,000. Katika mtandao wa megabiti 100 kwa sekunde, mtu mmoja atasubiri karibu dakika 7. Watumishi 10 wakiingia pamoja Jumatatu asubuhi na kugawana njia hiyo moja, watasubiri zaidi ya saa nzima, huku wananchi wamepanga foleni nje. Ni bora kabrasha la maandishi lielekezwe moja kwa moja kwenye seva, wasifu ubaki mwembamba, na kila mtumishi awekewe kikomo cha nafasi. Seva ya umma si ghala la sinema.

Dawa ya pili ni kukomesha desturi ya ofisi nzima kutumia jina moja na nywila moja iliyobandikwa ukutani. Wengine huiita desturi hiyo ushirikiano. Kwa hakika ni kinyume cha ushirikiano, kwa kuwa orodha ikibadilishwa hakuna awezaye kuonyesha ni nani aliyeibadilisha, na mwaminifu hubeba lawama pamoja na mwovu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeweka wajibu juu ya kila anayekusanya na kutunza habari za watu. Kumbukumbu za wagonjwa wa Endulen na maendeleo ya wanafunzi wake si vitu vya kufunguliwa na kila apitaye mlangoni.

Watatokea wa kusema kwamba mambo haya yamekwisha, kwa kuwa Serikali imejenga mifumo ya pamoja ya mishahara, ya fedha za shule na vituo vya afya, na ya hospitali, na ipo Mamlaka ya Serikali Mtandao iliyoundwa kwa Sheria ya mwaka 2019. Hayo ni mafanikio makubwa na hayana budi kulindwa. Lakini mfumo wa taifa hupokea takwimu iliyokwisha kukamilika. Barua ya malalamiko, rasimu ya bajeti, muhtasari wa kikao cha kamati na orodha ya madawati yaliyovunjika huzaliwa katika ofisi ndogo na kufia humo. Wengine watasema kwamba halmashauri ina mafundi wachache. Ni kweli, na ndiyo sababu hasa ya kuweka utaratibu mwepesi, kwani fundi mmoja hawezi kuzunguka kata zote akifufua diski zilizokufa.

Hofu moja inastahili kusikilizwa kwa heshima. Mtumishi anaweza kuogopa kwamba kabrasha la pamoja ni jicho la mkubwa juu ya bega lake. Hofu hiyo itaondoka iwapo mipaka itaandikwa na kuheshimiwa na pande zote. Kila mtu awe na kabrasha dogo la binafsi, na mkuu wa idara asilifungue kwa udadisi. Kiongozi anayedai nywila za walio chini yake anavunja nidhamu ile ile anayoihubiri.

Kisha ipo nakala ya akiba, ambayo wengi huikumbuka baada ya msiba. Kanuni yake ni kuwa na nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili tofauti, na moja kati yake iwe nje ya jengo. Tena haitoshi kuweka. Lazima kujaribu kurejesha. Jirani na Endulen, katika Laetoli, nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili yapata miaka milioni 3.6 iliyopita ziligunduliwa mwaka 1978, zikarekodiwa, kisha zikafukiwa kwa udongo ili zihifadhike. Lakini mbegu za migunga zilikuwamo katika kifusi hicho. Miti ikaota, mizizi ikatishia nyayo, na ikabidi wataalamu warudi katika miaka ya 1990 kuing'oa na kuzifukia upya kwa uangalifu zaidi. Hata kilichozikwa vizuri huhitaji kukaguliwa.

Taifa hili limewahi kulipa gharama ya kuingiza mashine kabla ya kuweka utaratibu. Mwaka 1974, baada ya kompyuta za Hazina kushindwa kutoa kazi iliyotarajiwa, Serikali ilizuia uingizaji wa kompyuta nchini. Leo hakuna anayetaka kurudi huko, wala haiwezekani. Hata hivyo fundisho lake limebaki, nalo ni kwamba mashine huzidisha kile inachokikuta. Ikikuta nidhamu, huzidisha nidhamu. Ikikuta ubinafsi, huujengea chumba na kuufungia kwa nywila.

Kila mkuu wa ofisi na kila mwalimu mkuu mwenye kompyuta mbili zilizounganishwa ana wajibu wa kuongeza mstari mmoja katika hati ya makabidhiano: mafaili ya kazi yamekabidhiwa, yamefunguliwa na kuonekana mbele ya anayepokea. Na yeyote asiyeweza kuujaza mstari huo asipewe ruhusa ya kuondoka kituoni mpaka ameujaza.