Mshauri wa wazazi naye anadaiwa

Wiki ya sita, ya kumi, ya kumi na nne, kisha mwezi wa tisa. Mama yeyote aliyejifungua nchini Tanzania anazijua tarehe hizi, ndizo za chanjo. Mtoto anavuliwa nguo, ananing'inizwa kwenye mizani, uzito unaandikwa kwenye kadi, sindano inachomwa, kilio, safari ya kurudi nyumbani. Mama aliyembeba huenda hajapata usingizi wiki nzima, na jana usiku amewaza mambo asiyothubutu kumwambia hata dada yake. Mara nyingi swali analoulizwa ni moja tu: ananyonyesha?

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu mama 1 kati ya 5 hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, na sonona ndiyo inayoongoza. Kwenye benchi lenye akina mama 30, hao ni kama sita. Na hapo baba hatujamtaja. Yeye huonekana siku ya kwanza ya kliniki ya ujauzito, tena kwa kuitwa, na akishapimwa damu ndiyo imetoka. Akianza kurudi nyumbani usiku wa manane na kugombana na kila mtu, mtaa mzima utasema pombe.

Mtu aliyesomea kukaa na wazazi hawa tunaye. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha saikolojia, Muhimbili inafundisha saikolojia tiba, na kila mwaka wahitimu wanavaa majoho na kupiga picha. Ila wengi wao wamesoma kwa fedha za Bodi ya Mikopo. Bumu, yaani fedha hiyo ya mkopo, lilikuwa tamu chuoni; makato yanaanza kazini.

Tufanye hesabu. Chukua mshauri nasaha anayelipwa shilingi 700,000 kwa mwezi katika kituo binafsi. Bodi inachukua asilimia 15, yaani 105,000. NSSF inachukua asilimia 10, nayo ni 70,000. Kodi ya mapato ni kama 42,000. Kinachofika mkononi ni 483,000, na hapo hajalipa chumba, daladala wala ada ya mwanawe, maana naye ni mzazi. Aliyejiajiri, mwenye wateja watatu wiki hii na wiki ijayo asiwe na hata mmoja, anatakiwa kulipa Bodi si chini ya shilingi 100,000 kila mwezi. Wateja wake wa kweli, wale wa benchi la kliniki, hawawezi kumlipa hata nauli.

Basi anafanya ambalo yeyote kati yetu angelifanya. Anatafuta mradi wa wafadhili, au ofisi ya rasilimali watu kwenye kampuni ya simu, au anafungua chumba chenye kiyoyozi mjini na kuwapokea wenye uwezo. Hatumlaumu. Lakini zahanati ya kata imebaki na muuguzi mmoja, foleni na mizani.

Wapo wanaobaki, na hao ndio wanaotusumbua zaidi. Kazi hii inataka mtu mwenye kifua. Anasikiliza mama aliyechukua mkopo wa riba kubwa, ule wa kausha damu, ili amtibu mtoto, sasa kila jioni wadai wanagonga mlango na mume amehama. Anamsaidia kupumua, kupanga la kwanza na la pili, kumjua wa kumwambia. Mama akitoka, mshauri anafungua simu na kukuta ujumbe wa mshahara wake uliokwisha kabla haujaanza. Wengine, tunaambiwa kwa sauti ya chini, nao wameshaonja kausha damu. Unamtibuje mwenzako homa uliyonayo mwenyewe? Wanajitahidi, na wengi wanaifanya kazi vizuri sana, lakini tusijidanganye kwamba hali hiyo haiwachoshi.

Tuseme wazi: mkopo ulipwe. Fedha inayorudi Bodi ndiyo bumu la mtoto wa mkulima anayeingia chuo mwaka huu, na anayekwepa kulipa anamwibia huyo. Serikali nayo imewahi kusikia kilio. Baada ya makato kupandishwa mwaka 2016 kutoka asilimia 8 hadi 15, Rais Samia alitangaza Mei Mosi ya 2021 kuondolewa kwa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa ikifanya deni likue badala ya kupungua. Uamuzi huo ulikuwa sahihi. Tunaomba mwingine, mdogo zaidi.

Mshauri nasaha au mwanasaikolojia anayefanya kazi muda wote katika zahanati au kituo cha afya cha umma, kwenye kliniki ya mama, baba na mtoto, asikatwe mkopo kwa kipindi hicho, na kila mwaka anaoumaliza ufute sehemu ya tano ya deni lake. Miaka mitano, deni limekwisha. Hazina ifidie Bodi, ili mfuko wa wanafunzi usiguswe.

Marekani walianza mpango wa namna hii mwaka 2007 kwa wanaofanya kazi za umma: lipa mara 120, kinachobaki kinafutwa. Walipofika wa kwanza kudai haki yao mwaka 2017, karibu wote walikataliwa, kisa aina ya mkopo haikuwa ile, fomu haikuwa ile, mpango wa malipo haukuwa ule. Watu walikuwa wametumikia miaka kumi. Kwa hiyo wetu uwe wa ukurasa mmoja: mganga mfawidhi anasaini kila mwisho wa mwaka, Bodi inapunguza deni mwaka huohuo, mhusika anaona kwenye akaunti yake.

Kuna watakaouliza kwa nini tusiwatumie wahudumu wa afya ngazi ya jamii, kwa gharama ndogo. Tuwatumie! Zimbabwe, Dk. Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafunza bibi wa mitaa ya Mbare, Harare, wakae kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasikiliza wenye kusongwa na mawazo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa na bibi hao walipata nafuu zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Lakini bibi hawakuachwa peke yao. Walifunzwa, walisimamiwa, na mgonjwa aliyezidi uwezo wao alikuwa na mtu wa kupelekwa kwake. Mtu huyo ndiye tunayemzungumzia hapa. Bila yeye, mhudumu wa jamii atabeba mizigo ya kata nzima hadi naye aanguke, na hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe ni mbali.

Wengine watasema mwalimu na muuguzi nao wanadaiwa. Ni kweli, na wakileta hoja yao tutaisikiliza. Ila zahanati bila muuguzi huwezi kuikuta imefunguliwa. Zahanati bila mshauri nasaha zipo tele, na hakuna anayeshtuka.

Wizara ya Afya, Wizara ya Elimu na Bodi wakae meza moja kabla bajeti ya Juni haijasomwa Dodoma. Waanze na mikoa miwili au mitatu, waone.

Nawe mama, ukifika kliniki wiki ya sita na mtoto akishapimwa, usiondoke bado. Mwambie muuguzi unavyolala, au usivyolala. Baba, nenda naye.